Bastola ya "Dakta Williamson": kisa cha pointi tuu-tuu iliyouzwa Mwanza

Mpwa wangu ana biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Ananunua kwa magunia kutoka kwa watu wa visiwani, anapakia kwenye malori yanayokwenda hadi Tunduma. Wauzaji wengi wa visiwani bado wanataka noti mkononi, kwa hiyo kuna siku anatoka nyumbani kabla ya adhana na mfuko ambao hata mimi ningeogopa kuubeba. Masika iliyopita alinipigia simu.

"Shikamoo mjomba. Nimepata bastola."

"Marahaba. Umepata, au umeambiwa kuna bastola inauzwa?"

Akacheka. Ilikuwa inauzwa. Mama mmoja wa Nyegezi alifiwa na mume aliyekuwa na leseni tangu zamani, na mtoto wake wa kwanza ndiye aliyekuwa anatafuta mteja. Bei milioni tatu. Kilichobeba bei hiyo kilikuwa hadithi: kwamba mzee, alipokuwa karani wa stoo kule Mwadui, alipewa bastola hiyo mkononi na Dakta Williamson mwenyewe, yule Mkanada aliyeanzisha mgodi wa almasi mwaka 1940. Hadithi ya aina hii watu huimeza haraka. Mtu aliyempa Binti Mfalme Elizabeth almasi ya rangi ya waridi alipoolewa mwaka 1947, atashindwaje kumpa karani wake bastola?

Nilikuwa fundi silaha jeshini kwa miaka 22, na sasa nafanya matengenezo siku tatu kwa wiki kwenye duka la silaha lenye leseni. Bastola za mitumba zimepita mikononi mwangu nyingi, na nyingi zilikuja na mzungu wake wa kwenye hadithi. Nilimwambia mpwa wangu asitoe hata shilingi ya usumbufu mpaka niione, na kwamba kuiona kwenyewe kuna utaratibu wake.

Silaha haiuzwi kama baiskeli. Leseni ni ya mtu fulani kwa silaha fulani, na mwenye leseni akifariki, silaha inakwenda polisi kusubiri hatima yake. Familia hii, kwa sifa yao, iliipeleka ndani ya wiki ya msiba. Kwa hiyo bastola ilikuwa ghalani, na mimi niliikagua kwenye meza ya ghala, askari wa zamu akiwa amesimama upande wa pili na daftari lake. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina masihara na anayenunua kwanza na kuomba kibali baadaye, na mpwa wangu alikuwa karibu kabisa kuwa mtu wa namna hiyo. Alishatafuta hadi mfuko wa kuivalia kiunoni.

Kabla ya chuma, karatasi. Kitabu cha leseni kilikuwa na muhuri wa uhakiki wa mwaka 2016, jambo zuri. Lakini namba iliyoandikwa humo ilikuwa na tarakimu tano, wakati iliyochongwa ubavuni mwa bastola ilianza na tarakimu mbili, kistari, ndipo zikaja tano zilezile. Karani fulani, miaka hiyo, aliona kistari akadhani ni pambo. Kijana wa mama aliniambia hilo ni dogo. Si dogo. Bastola ambayo namba yake hailingani na kitabu haihamishwi kwa mtu mwingine mpaka kitabu kisahihishwe, na kusahihisha kitabu ni safari za ofisini ambazo mtu lazima azilipie nauli na muda. Niliandika kwenye karatasi yangu: namba, wiki kadhaa.

Kisha nikaichukua. Magazini, kile kikasha cha risasi, nje kwanza. Nikavuta yale masikio mawili yaliyo nyuma ya bolti, kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kuifungia risasi, nikaifunga wazi kwa sefti, yaani kitufe cha usalama, nikaangalia chemba, tundu inamokaa risasi ikisubiri kulia, kwa macho na kuipapasa kwa kidole kidogo. Tupu. Askari naye akaangalia. Katika haya hakuna mzoefu. Nimewahi kukuta risasi kwenye chemba ya bunduki iliyokaa ghalani miaka minne.

Kijana alikuwa ameapa kwamba ni ya Kijerumani, kwa sababu mpini wake umelala nyuma kama wa bastola za maafisa wa Kijerumani kwenye filamu. Umbo ni hilo kweli, lakini hii ni Ruger, ya Marekani. William Ruger na mwenzake Alexander Sturm walianza kiwanda chao kule Southport, Connecticut, kwa bastola ya aina hii hasa, mwaka 1949, wakiiuza dola 37 na senti 50. Ni ya risasi .22, hizi ambazo huku tunaziita pointi tuu-tuu. Fremu yake ya mpini imeundwa kwa vipande viwili vya bati nene vilivyochomelewa pamoja, mwili wake wa juu ni bomba, mtutu umekazwa humo haucheziki, na bolti inakimbia ndani ya bomba kama pistoni ya pampu. Ni kazi rahisi, nzuri, na inalenga vizuri kwa sababu mtutu na vionea shabaha vyake havitembei.

Nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha nisome maandishi ya mtutu. Yalikuwapo ya kiwanda, na chini yake mstari mwingine wa Kiingereza unaosema kwamba silaha hii ilitengenezwa katika mwaka wa 200 wa uhuru wa Marekani. Wamarekani walitangaza uhuru mwaka 1776. Ruger walichonga maneno hayo kwenye silaha zao za mwaka 1976. Dakta Williamson alifariki Januari 1958.

Nilimwita kijana, nikamwonyesha, nikamwachia apige hesabu mwenyewe. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Labda alipewa na mtoto wake." Williamson hakuoa wala hakuacha mtoto, lakini sikutaka kumkimbiza mtu kwenye msiba wake. Mzee wa watu huenda hata hakuwahi kusema hivyo. Hadithi nyingine hukua zenyewe wajukuu wakishakuwa wengi. Kitabu cha leseni kilisema iliandikishwa mara ya kwanza mwaka 1979. Hilo lilitosha. Ilikuwa bastola ya karani aliyeinunua kihalali, basi.

Na hapo karibu milioni nzima ya bei ikawa imekufa, kabla hata hatujagusa uimara wake.

Nje ilikuwa na sura mbili. Ubavu wa kulia ulikuwa na ule weusi-buluu wa kiwandani, umechujuka tu kwenye kingo panapogusana na mkono. Ubavu wa kushoto ulikuwa na vishimo vya kutu, vimekaa kama alama za tetekuwanga. Sikuhitaji kuuliza: ilihifadhiwa ndani ya mkoba wa ngozi, imelalia upande mmoja, kabatini, miaka. Ngozi hunyonya unyevu na kuutunza, na chumvi za kulainishia ngozi hubakia humo. Sisi tunakaa kando ya ziwa. Hewa ya Nyegezi wakati wa masika unaweza kuikamua. Wenye silaha wengi hapa mjini wanadhani mkoba ni nyumba ya bastola. Mkoba ni nguo ya kutokea. Bastola ilale kwenye kitambaa kikavu chenye mafuta kidogo, ndani ya sefu, mkoba ukae pembeni.

Nilipachunguza ndani ya mtutu kwa kuweka kipande cha karatasi nyeupe nyuma na kumulika tochi. Mistari ya mzunguko ilikuwa kali, inang'aa, haina pete wala uvimbe. Risasi ya .22 ni risasi laini ya madini ya risasi iliyopakwa nta, na nta hiyo ndiyo iliyoulinda mtutu huu huku ubavu ukiliwa. Hili ni jambo ambalo mnunuzi wa haraka hulikosea pande zote mbili: anakimbia kwa sababu ya kutu ya nje, au ananunua kwa sababu ya mng'ao wa nje.

Kishikio cha kushoto kilikuwa cha kiwandani, cheusi, na ile nembo ya tai. Cha kulia kilikuwa cha mpingo. Mtu alikuwa amekichonga kwa mkono, akakifuatisha umbo lote, hadi tundu la skrubu, na kukipiga msasa mpaka kikawa laini kama jiwe la mtoni. Kazi ya uvumilivu. Kwa mkusanyaji wa silaha za zamani ni hasara, maana anataka kila kipande kiwe kilichotoka nacho kiwandani. Niliandika: kishikio, punguza laki moja.

Ndani sasa. Ruger hii hufunguliwa kwa kukunjua kibano kilichojificha nyuma ya mpini. Kuitenganisha ni dakika moja, kuirudisha kumewaliza watu wazima. Bolti ilitoka kwa kusitasita, imefunikwa na kitu cha rangi ya asali kilichoganda. Nilinusa. Mafuta ya alizeti. Mafuta ya kula hayafai kwa mashine kwa sababu yakikutana na hewa hukauka na kuwa gundi. Afadhali mafuta ya cherehani, hata kidogo. Nilipangusa bolti kwa kitambaa na mafuta ya taa, nikaona inateleza, nikairudisha. Hapo nilifanya kosa, na nitalieleza mbele: nilipangusa, sikuosha.

Lakini kukagua mezani hakuijibu hoja ya mpwa wangu. Yeye alitaka kujua kama akiivuta italia. Na bastola ya .22 ina jambo lake ambalo bastola nyingine hazina.

Risasi kubwa, kama ya milimita 9, ina kiberiti chake katikati ya kitako, kidude cha peke yake kilichopachikwa. Ya .22 haina. Kemikali ya kuwashia hutiwa ikiwa mbichi ndani ya ganda, kisha ganda linazungushwa kwa kasi ili kemikali ikimbilie ukingoni na kukaukia humo. Pini ya kugongea inagonga ukingo, ukingo unabonyea, kemikali inabanwa, inawaka. Ukingo mzima unapaswa kuwa umejaa. Ikitokea sehemu moja imekosa, na pini ikaangukia hapo, risasi inanyamaza, hata kama bastola ni mpya kutoka kwenye boksi. Ndiyo maana mtu anayepima bastola ya .22 anapima vitu vitatu kwa wakati mmoja, bastola, magazini na risasi, na kazi yake yote ni kumjua mkosaji bila kuwafunga wote watatu.

Tulipata kibali cha kuifyatulia kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji, askari akiwepo. Niliweka magazini mbili zilizokuja nayo, nikazipiga alama kwa rangi ya kucha: A na B. Kila moja inabeba risasi 9. Kulikuwa na boksi la mzee, la risasi 50, zilibaki 31, maganda yamefanya ukungu wa kijani. Na kulikuwa na boksi mbili mpya za duka.

Nilianza na za mzee, risasi 18. Tano zilinyamaza. Kila iliponyamaza nilishika bastola ikiangalia kule kule kwenye shabaha na kuhesabu nusu dakika, maana kuna risasi inayochelewa, na inayochelewa haisamehi aliyeifungulia mapema. Kisha naitoa, naiangalia kwenye jua. Alama ya pini ilikuwa ya kina, safi, ya mstatili, kama mtu amepiga patasi ndogo. Nilizirudisha moja moja kwenye chemba zikiwa zimegeuzwa nusu mduara, pini igonge pengine. Mbili zikalia. Tatu hazikulia tena. Basi pini ilikuwa inagonga kama inavyotakiwa. Risasi ndizo zilizokuwa zimechoka. Alama ingekuwa hafifu, kama ya ukucha, ningelaumu springi au ile gundi ya alizeti.

Mpwa wangu alifurahi. "Kumbe nzima!"

Nikamwambia asubiri.

Risasi mpya, magazini A, mara tatu, jumla 27: zote zililia, lakini mara tatu ganda lilibaki limekwama kwenye chemba, bolti ikarudi bila kitu na kujaribu kuingiza risasi nyingine nyuma ya ganda. Magazini B, 27 nyingine: maganda matatu yalikwama vilevile, na juu ya hapo mara nne risasi ilipanda ikainamisha pua na kugonga chini ya mdomo wa chemba. Kwa hiyo kuinama pua ni ugonjwa wa B peke yake. Nilipoziweka magazini mbili sambamba niliona mdomo mmoja wa B umefunguka kidogo, pengine iliwahi kuanguka kwenye saruji. Kukwama kwa maganda kulitokea kwa A na kwa B, kwa idadi ileile. Kwa hiyo huo ulikuwa ugonjwa wa bastola yenyewe.

Nilidhani ni kulabu, ile ndoana ndogo pembeni ya bolti inayolivuta ganda. Ndiyo mkosaji wa kawaida. Nilirudi nayo ghalani siku ya pili, nikaitoa kulabu, nikaitazama kwa lenzi, nikapima springi yake kwa kidole, nikaisafisha, nikairudisha. Ilikuwa kali kuliko ya mashine nyingi ninazozitengeneza. Saa nzima ikaenda. Askari wa zamu akaniletea chai, nadhani kwa huruma.

Nilikuwa nimehifadhi maganda sita yaliyokwama kwenye bahasha. Nikayamwaga mezani, nikayapanga yakiangalia juu, alama ya pini ya kila moja imeelekea dirishani. Halafu nikayalaza, na hapo ndipo nilipoona. Kila ganda lilikuwa na mchubuko mmoja mwembamba, umeteremka ubavuni kama mstari wa kalamu. Na kila mchubuko ulianzia chini ya alama ya pini. Si karibu na hapo. Hapo hapo. Maganda sita ya shaba, mistari sita, mahali pamoja.

Ndani ya chemba, basi, kuna kitu, na kimekaa pale pale pini inapoangukia. Nilimwomba askari pamba za kusafishia masikio. Dada wa mapokezi alikuwa nazo. Nikaizungusha pamba taratibu kwenye mdomo wa chemba. Ilizunguka laini, laini, laini, kisha ikanasa, na nilipoitoa ilikuwa imeacha unywele mweupe pale kwenye ukingo. Kwa lenzi kikaonekana: kijishimo kidogo cha mstatili kwenye ukingo wa chemba, na chuma kilichosukumwa kutoka kwenye kijishimo hicho kimetunisha kisigino ndani ya chemba, labda unene wa karatasi mbili. Ganda likiwaka hutanuka na kukumbatia kuta za chemba. Penye kisigino linabanwa. Mara nyingi kulabu inashinda. Mara chache inashindwa.

Pini ilifikaje kwenye ukingo wa chemba? Haitakiwi kufika. Kwenye bolti ya Ruger hii kuna kipini kingine kifupi kinachopita mlalo, kazi yake ni kuizuia pini ya kugongea isiende mbele kupita kiasi pale chemba ikiwa tupu. Nikaitoa bolti tena, safari hii nikaiosha kwa mafuta ya taa na brashi ya meno hadi ikawa kijivu. Uchafu mweusi ukatoka kwenye tundu la mlalo, na nyuma ya uchafu hakukuwa na kitu. Tundu lilikuwa tupu. Siku ya kwanza niliona cheusi ndani ya tundu nikadhani ni kipini. Kama ningeiosha siku ile badala ya kuipangusa, ningeokoa siku mbili na vikombe vitatu vya chai ya serikali.

Kilichobaki nilikisikia kwa mama mwenyewe. Nilikwenda Nyegezi kumsalimia na kumweleza. "Mwangaluka," nikamwambia mlangoni, akaitikia akacheka, kisha akasimulia kwamba mwaka fulani mzee aliifungua bastola aisafishe, ikamshinda kuirudisha, ikakaa kwenye sinia siku mbili, mpaka akaja jamaa yake mmoja fundi wa cherehani akairudisha. Kipini kikabaki kwenye sinia, au kikaanguka, au kikafagiliwa. Bastola iliendelea kulia, kwa hiyo hakuna aliyekitafuta.

Na hapa aina ya bastola inaingia. Ruger ya zamani kama hii, tofauti na Mark II, toleo lililoifuata, iliyoanza mwaka 1982, bolti yake haibaki wazi magazini ikiisha. Inarudi kujifunga kama kawaida. Mlengaji hajui kwamba zimeisha. Anavuta traiga, inalia tik. Kila magazini ikiisha, tik moja. Kipini kikiwepo, tik hiyo haina neno. Kisipokuwepo, kila tik ni nyundo kwenye ukingo wa chemba. Mzee alikuwa anapenda kulenga makopo kule shambani kwake, mama akasema, "Jumamosi zote." Sikuhitaji kuuliza zaidi kile kijishimo kilitoka wapi.

Sasa bei. Dukani tuliwahi kuuza Mark II iliyotumika, nzima, kwa milioni moja na laki tisa, na hicho ndicho kipimo cha karibu nilichokuwa nacho. Hii ni ya toleo la nyuma, inabeba 9 badala ya 10, haibaki wazi. Nilishusha hadi milioni moja na nusu. Magazini B si ya kutegemea, na magazini za toleo hili huku kwetu huzipati kwa kuzunguka mjini. Laki moja na nusu. Kisigino cha chemba hurudishwa kwa chombo maalumu kama msumari mnene wenye ncha ya koni, unakisukuma chuma kirudi kilikotoka bila kukikata. Chombo ninacho, kipini kinaagizwa: laki moja. Kutu ya ubavu, laki mbili, kwa sababu hata nikiisimamisha haitafutika. Kishikio, ile laki moja. Ikabaki laki tisa na nusu, mnunuzi akibeba mwenyewe gharama za kusahihisha namba. Milioni moja na hamsini kama familia itaisahihisha kwanza.

Kijana wa mama alikasirika, na simlaumu. Kutoka milioni tatu hadi moja ni mteremko. Alisema namfanyia mpwa wangu bei. Ndipo nikamwambia jambo ambalo hakulitarajia, kwamba mpwa wangu hainunui.

Mpwa naye hakulitarajia. Tulikuwa tumekaa kwenye mawe kule Kapripoint, tunakula sato wa kukaanga, akaanza kunihesabia: mtutu mzuri, mjomba, umesema mwenyewe, kisigino utakitoa, kipini kitakuja. Yote kweli. Baada ya matengenezo, kwa mita 15, bastola hiyo iliweka risasi kumi ndani ya duara la kitako cha glasi ya chai, na mikono yangu si ya kijana. Kwa kazi iliyoundiwa, ni bastola ya kuaminika kabisa. Kazi iliyoundiwa ni makopo na karatasi.

Yeye anaitaka kwa ajili ya saa kumi na moja alfajiri, mfuko begani, watu wawili mbele yake. Saa hiyo risasi moja ikinyamaza hakuna nusu dakika ya kuhesabu, wala nafasi ya kuigeuza nusu mduara. Zikiisha bastola haimwambii. Na risasi yenyewe, hata ikilia, nguvu yake ni kama robo tu ya ile ya milimita 9. Inaweza kuua mtu, watu wasijidanganye, lakini mara nyingi haimsimamishi kwa wakati. Ukitoa silaha ambayo haimsimamishi mwenzako umempa sababu ya kutoa ya kwake. Nilimwambia kama lazima awe na silaha aombe leseni ya kitu kingine na ajifunze mpaka mkono uchoke. Na kama anataka maoni ya mjomba wake tu, awazoeshe wale wa visiwani kupokea kwa simu, kidogo kidogo, hata kama makato yanauma. Alinuna hadi samaki akaisha.

Kipini kilifika baada ya wiki sita, ndani ya kifuko cha plastiki kikubwa mara hamsini kuliko chenyewe. Nikakipachika, nikakirudisha kisigino kwa chombo, nikapitisha pamba: haikunasa. Tulifyatua 90 kwa magazini A peke yake. Hakuna ganda lililokwama. Risasi moja ilinyamaza, tukaigeuza, ikalia. Mnunuzi alikuwa mtu mwenye leseni anayependa kulenga shabaha. Alilipa milioni moja na hamsini, familia ikiwa imeshasahihisha namba.

Siku ya makabidhiano mama alikuja na mwanawe. Alikuwa ameisoma karatasi yangu ya mapunguzo yote, kwa miwani, kidole kikitembea mstari kwa mstari, na alipofika kwenye kishikio akasimama.

"Hiki cha mpingo ndicho cha laki moja?"

"Ndiyo mama. Sio cha kiwandani."

"Alikichonga mwenyewe. Mvua za mwaka ule wa El Niño, barabara imekatika, yuko ndani wiki nzima. Nyumba yote vumbi la mpingo."

Mnunuzi alikuwa na jozi ya vishikio vya plastiki mfukoni, alikuja navyo. Nikakopa bisibisi kwa askari, nikafungua skrubu, nikamkabidhi mama kile cha mpingo. Alikifunga kwenye pindo la kanga, na akaondoka kabla hatujamaliza kutia sahihi.